Namna ya Kusoma Hesabu za Kenya Power Sambamba na Maamuzi ya EPRA

Katika mwaka wa fedha uliomalizika tarehe 30 Juni 2023, kampuni ya Kenya Power, inayosambaza na kuuza umeme nchini Kenya, ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 3.19 baada ya kodi. Mwaka uliofuata ilitangaza faida ya shilingi bilioni 30.08. Nguzo zilikuwa zilezile, nyaya zilezile, na wateja waliolalamikia giza la jioni walikuwa karibu walewale, ilhali tofauti kati ya mwaka mmoja na mwingine ilizidi shilingi bilioni 33. Aliyetazama mstari wa mwisho pekee angeweza kuamini kwamba kampuni imezaliwa upya ndani ya miezi 12, na mwenye shaka angeweza kuamini kwamba hesabu zimepikwa. Wote wawili wangekuwa wamekosea, kwa sababu sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitoka nje ya kampuni, katika bei iliyopangwa na mdhibiti wa nishati, EPRA, na katika thamani ya shilingi dhidi ya dola.

Mwongozo huu unamlenga mwanahisa mdogo aliyenunua hisa zake mwenyewe bila mshauri, pamoja na mteja wa kawaida anayetaka kuelewa kwa nini tokeni za shilingi 500 humpa uniti nyingi mwezi huu na chache mwezi ujao. Hoja inayouongoza ni moja: kampuni inayouza bidhaa kwa bei iliyopangwa na mwingine haieleweki kwa hesabu zake peke yake, na kila tarakimu kubwa iliyomo katika ripoti ya Kenya Power ina mwenzake katika nyaraka za mdhibiti.

Hatua ya kwanza: Fahamu nani anamiliki nini

Kenya Power ni mrithi wa East African Power and Lighting, kampuni iliyoundwa mwaka 1922 kwa kuunganisha kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi, na ambayo ilichukua jina la Kenya Power and Lighting mwaka 1983. Mwaka 1997 kazi ya kuzalisha umeme ilitengwa na kukabidhiwa kampuni tunayoijua leo kama KenGen, na mwaka 2008 ikaanzishwa KETRACO kwa ajili ya kujenga njia kuu za msongo mkubwa. Kilichobaki mikononi mwa Kenya Power ni hasa biashara ya kununua umeme kwa jumla, kuusambaza na kuuza kwa rejareja. Kwa hiyo usiisome kama kampuni ya mitambo; isome kama mfanyabiashara wa kati ambaye bei zake za kununulia zimefungwa kwa mikataba ya miaka mingi na bei zake za kuuzia zimefungwa na mdhibiti.

Serikali, kupitia Hazina ya Taifa, ina asilimia 50.1 ya hisa za kawaida, na zilizobaki ziko mikononi mwa watu binafsi na taasisi zinazozinunua na kuziuza katika Soko la Hisa la Nairobi. Serikali hiyohiyo ina asilimia 70 ya KenGen, ambayo ndiyo muuzaji mkubwa zaidi wa umeme kwa Kenya Power. Inaimiliki KETRACO yote. Na inatarajiwa kuilipa Kenya Power gharama za mpango wa kusambaza umeme vijijini. Mdhibiti wa bei ni EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, iliyoundwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 na kurithi kazi za tume iliyoitwa ERC. Yeyote anayesoma hesabu hizi akumbuke kwamba serikali inakaa karibu kila upande wa meza: ni mmiliki, ni muuzaji, ni mdaiwa, na ndiyo inayoteua bodi ya mdhibiti. Hilo halimaanishi kwamba kila uamuzi una hila, lakini linamaanisha kwamba maslahi ya mwanahisa mdogo na ya mteja hayalindwi na mtu yeyote kwa jukumu lake peke yake, na ndiyo maana inafaa wajifunze kusoma wenyewe.

Msomaji aliye Tanzania atakuta mazingira tofauti, kwa kuwa TANESCO ni mali ya serikali yote, hisa zake haziuzwi sokoni, na bei zake husimamiwa na EWURA. Hata hivyo, hatua zinazohusu uniti, gharama za fedha za kigeni na mizania (jedwali la mali na madeni ya kampuni) zitamfaa vilevile.

Hatua ya pili: Kusanya nyaraka kabla ya kukokotoa

Mwaka wa fedha wa Kenya Power huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Kwa desturi matokeo ya mwaka hutangazwa kufikia mwisho wa Oktoba, na ya nusu mwaka kufikia mwisho wa Februari. Tangazo la matokeo linalochapishwa magazetini lina ukurasa mmoja tu. Lihifadhi, lakini subiri ripoti kamili ya mwaka, kwa kuwa maelezo ya hesabu yaliyo nyuma ya ripoti ndiyo yenye majibu. Pamoja na hiyo tafuta uamuzi wa EPRA kuhusu bei za umeme unaohusu kipindi husika, ripoti za takwimu ambazo EPRA huzitoa kila baada ya miezi sita, na matangazo ya kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali yanayotaja kiwango cha gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni. Mwishowe, chukua bili yako au ujumbe wa tokeni wa mwezi mmoja ndani ya kipindi hichohicho.

Hatua ya tatu: Anza na uniti, shilingi zifuate

Wasomaji wengi hukimbilia mapato. Mimi hushauri kuanza na umeme wenyewe, kwa sababu uniti hazibadiliki thamani kwa mfumuko wa bei wala kwa kuporomoka kwa shilingi. Tafuta tarakimu mbili: umeme ulionunuliwa na umeme uliouzwa. Katika mwaka wa 2023/24 Kenya Power ilinunua gigawati-saa 13,684 na kuuza gigawati-saa 10,516 (gigawati-saa moja ni uniti milioni moja za bili yako). Toa ya pili kutoka ya kwanza, nawe utapata gigawati-saa 3,168 zilizonunuliwa lakini hazikulipiwa na mteja yeyote. Gawanya kwa umeme ulionunuliwa, nawe utapata upotevu wa takriban asilimia 23.2.

Upotevu huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kifizikia, yaani umeme unaogeuka kuwa joto ndani ya nyaya ndefu na transfoma zilizolemewa, na hakuna shirika la umeme duniani linaloweza kuuondoa kabisa. Ya pili ni ya kibiashara: wizi wa umeme, mita zilizochezewa, mita zilizokufa na bili zisizotumwa. Mdhibiti analijua hilo, na ndiyo maana huruhusu kiwango fulani cha upotevu kiingizwe katika bei. Kwa mwaka huo kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa asilimia 18.5. Hadi hapo mteja analipia; kuanzia hapo kwenda juu, kampuni inabeba mzigo wake yenyewe.

Sasa fanya hesabu ambayo tangazo la matokeo halikufanyii. Asilimia 18.5 ya gigawati-saa 13,684 ni takriban gigawati-saa 2,532. Upotevu halisi ulikuwa 3,168, hivyo ziada isiyoruhusiwa ni kama gigawati-saa 636, yaani uniti milioni 636. Gharama ya kununua umeme kwa mwaka huo ilikuwa takriban shilingi bilioni 150, ambayo ukiigawanya kwa uniti zilizonunuliwa unapata karibu shilingi 11 kwa uniti. Zidisha, nawe utaona kwamba upotevu uliovuka mpaka wa mdhibiti uliigharimu kampuni kiasi cha shilingi bilioni 7 katika mwaka ambao vichwa vya habari vilikuwa vikisherehekea faida. Ni makadirio ya mkono, lakini yanatosha kukuonyesha mahali ambapo menejimenti inaweza kubadilisha mambo kwa juhudi yake yenyewe.

Rudia zoezi hilo kwa mwaka wa 2024/25: zilinunuliwa gigawati-saa 14,472 na kuuzwa 11,403, hivyo upotevu ulishuka hadi takriban asilimia 21.2. Kushuka kwa pointi mbili ndani ya mwaka mmoja ni jambo la kupongezwa. Kwa maoni yangu ni habari njema kuliko faida ya bilioni 30, maana haikuletwa na soko la fedha.

Hatua ya nne: Tenganisha bei ya msingi na gharama zinazopita tu

Mapato ya Kenya Power yana tabaka mbili ambazo ni lazima uzitenganishe. Tabaka la kwanza ni bei ya msingi, ambayo EPRA huipanga kwa kipindi cha miaka kadhaa na ambayo inapaswa kugharimia ununuzi wa umeme, uendeshaji wa mtandao, uchakavu wa mitambo na faida inayoruhusiwa kwa mtaji uliowekezwa. Katika bei zilizoanza tarehe 1 Aprili 2023, mteja wa nyumbani anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi alipangiwa shilingi 12.22 kwa uniti, anayetumia zaidi ya 30 hadi 100 alipangiwa shilingi 16.30, na anayevuka uniti 100 alipangiwa shilingi 20.97. Kabla ya hapo nafuu ya mtumiaji mdogo ilikuwa ikifika hadi uniti 100. Kuishusha hadi 30 kuliwatoa watu wengi katika nafuu hiyo, na hilo ni uamuzi wa kisera ambao athari yake utaiona moja kwa moja katika mapato ya kampuni. Daraja la mteja hutegemea wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu, hivyo familia inayopokea wageni wakati wa likizo inaweza kujikuta imehamishwa daraja bila kuelewa sababu.

Tabaka la pili ni gharama zinazopita mikononi mwa kampuni kuelekea kwa wengine. Gharama ya mafuta huenda kwa wazalishaji wanaochoma dizeli na mafuta mazito. Marekebisho ya fedha za kigeni hufidia mabadiliko ya thamani ya shilingi. Marekebisho ya mfumuko wa bei hufanywa kila nusu mwaka. Kuna tozo ya maji yanayozungusha mitambo ya mabwawa, tozo ya EPRA, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini, na kodi ya VAT ya asilimia 16. Baadhi ya hizi, kama VAT na tozo ya vijijini, hukusanywa kwa niaba ya wengine. Nyingine, hasa mafuta na fedha za kigeni, huingia katika mapato upande mmoja na kutoka katika gharama upande wa pili. Ndiyo maana mapato yanaweza kupanda sana katika mwaka wa ukame bila kampuni kunufaika, kwa kuwa mabwawa ya Mto Tana yakipungua maji, mitambo ya mafuta huwashwa na bili hupanda kwa fedha ambazo Kenya Power inazipokea na kuzipeleka kwingine.

Mfano wa kinyume chake upo wazi. Mwaka wa 2023/24 mapato yalikuwa takriban shilingi bilioni 231; mwaka wa 2024/25 yalishuka hadi takriban bilioni 219, ingawa uniti zilizouzwa ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 8. Gawanya mapato kwa uniti: wastani ulishuka kutoka karibu shilingi 22 hadi karibu shilingi 19 kwa uniti. Anayesoma mapato pekee angesema biashara imedorora, ilhali umeme uliuzwa kwa wingi zaidi na shilingi iliyotengemaa ilipunguza kile kinachopitishwa kwa mteja.

Katika hatua hii hakikisha pia kwamba unajua bei ipi ilitumika katika miezi ipi. Mwaka wa 2022/23 unafundisha sana. Mwezi Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopokazi chini ya uenyekiti wa John Ngumi kuchunguza mikataba ya ununuzi wa umeme, na kufuatia ripoti yake bei ilipunguzwa kwa asilimia 15 kuanzia Januari 2022. Punguzo hilo liliondolewa mwishoni mwa Desemba 2022. Kwa hiyo, ndani ya mwaka mmoja wa fedha, miezi sita ya kwanza ilikuwa na bei iliyopunguzwa, miezi mitatu iliyofuata haikuwa na punguzo, na miezi mitatu ya mwisho ilikuwa na bei mpya za Aprili 2023. Kulinganisha mwaka huo na mwaka wa 2023/24, ambao ulikuwa na bei mpya kwa miezi yote 12, bila kutaja jambo hili, ni kumpotosha msomaji.

Hatua ya tano: Tafuta shilingi na dola zilipokutana

Hii ndiyo hatua ninayoomba isirukwe. Sehemu kubwa ya mikopo ya Kenya Power na mikataba yake ya kununua umeme imeandikwa kwa fedha za kigeni, ilhali wateja hulipa kwa shilingi. Kila tarehe ya kufunga hesabu, mikopo hiyo hugeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo. Shilingi ikiwa imeporomoka, deni linaonekana limekua hata kama hakuna senti mpya iliyokopwa, na ongezeko hilo huandikwa kuwa hasara. Shilingi ikiimarika, deni linaonekana limepungua na tofauti huandikwa kuwa faida. Hakuna fedha iliyoingia wala kutoka benki.

Marekebisho ya fedha za kigeni yaliyomo katika bili yanaweza kumfanya mtu adhani kwamba kampuni imekingwa na hatari hii yote. Haijakingwa kikamilifu, kwa sababu marekebisho hayo hufuata malipo yanapofanyika, wakati hesabu za mwaka hubeba badiliko la deni lote kwa mkupuo mmoja.

Chukua tarehe tatu. Mwishoni mwa Juni 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 140. Mwishoni mwa Desemba 2023 ilikuwa imepita shilingi 155, na Januari 2024 ikavuka 160. Kisha Kenya ikauza hatifungani ya dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa mwezi Februari 2024, hofu ya kushindwa kulipa deni la taifa ikapungua, na kufikia mwisho wa Juni 2024 dola ilikuwa imeshuka hadi takriban shilingi 129. Sasa tazama hesabu: katika nusu ya kwanza ya mwaka huo, hadi Desemba 2023, Kenya Power ilitangaza faida ya shilingi milioni 319 tu. Faida ya mwaka mzima ilikuwa bilioni 30.08. Karibu yote iliandikwa katika miezi sita ya mwisho, ambayo ndiyo miezi shilingi ilipoimarika. Gharama za fedha, mstari unaojumlisha riba na mabadiliko ya thamani ya mikopo, zilishuka kutoka takriban bilioni 24 mwaka wa 2022/23 hadi chini ya bilioni 1.

Kwa hiyo fungua maelezo ya hesabu yanayohusu gharama za fedha, tafuta mstari wa faida au hasara ya ubadilishaji ambayo bado haijafikia malipo, kisha uiondoe katika faida kabla ya kodi kwa miaka yote unayolinganisha. Kinachobaki ndicho kinachokuambia biashara ya umeme ilikwendaje. Ukifanya hivyo utakuta kwamba mwaka wa 2023/24 bado ulikuwa mzuri, kwa sababu bei mpya zilifanya kazi yake, ila ubora wake ni mdogo kuliko tarakimu ya bilioni 30 inavyodai. Na utakuta kwamba kushuka kwa faida hadi shilingi bilioni 24.47 mwaka wa 2024/25 hakukuwa dalili ya biashara kuharibika, kwani shilingi ilitulia karibu na 129 na hapakuwa na nafuu nyingine kubwa ya kuandikwa.

Hatua ya sita: Pima mizania kwa swali moja

Swali lenyewe ni hili: je, fedha na mali zinazoweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja zinatosha kulipa madeni yanayodaiwa ndani ya mwaka huohuo? Kwa miaka kadhaa jibu kwa Kenya Power limekuwa hapana, na wakaguzi wamekuwa wakilitaja hilo. Kampuni iliyo katika hali hiyo inaweza kuendelea kwa muda mrefu, kwa kuwa wazalishaji hawana mnunuzi mwingine wa ukubwa huo na serikali haiwezi kuiacha ianguke, lakini huendelea kwa kuchelewesha malipo, na anayecheleweshewa ni KenGen, wazalishaji binafsi na wakandarasi wadogo.

Kisha angalia wadaiwa. Tazama jedwali linalogawanya madeni ya wateja kwa umri wake, pamoja na kiasi kilichotengwa kwa madeni yasiyotarajiwa kulipwa. Tazama hasa wizara, mashirika ya umma na kaunti. Mzozo wa Februari 2025, ambapo taka zilimwagwa nje ya makao makuu ya kampuni pale Stima Plaza baada ya ofisi za Kaunti ya Nairobi kukatiwa umeme kwa sababu ya deni, huku kaunti nayo ikidai ada za kupitisha nyaya katika ardhi yake, ulionyesha jinsi madeni kati ya taasisi za umma yanavyoweza kukaa vitabuni bila mwenye kuyakubali. Deni la aina hiyo limeandikwa kuwa mali, na mwekezaji makini hulihesabu kwa tahadhari.

Hatua ya saba: Soma ripoti ya mkaguzi hadi ukurasa wa mwisho

Kwa kuwa serikali ndiyo mwenye hisa nyingi, hesabu hizi huwa chini ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti yake ina sehemu tatu: ya kwanza inahusu usahihi wa hesabu, ya pili inahusu kama fedha zilitumika kwa kufuata sheria na kwa tija, kama Kifungu cha 229 cha Katiba kinavyotaka, na ya tatu inahusu udhibiti wa ndani na uongozi. Wengi huishia sehemu ya kwanza wakikuta hesabu zimekubaliwa. Habari za manunuzi yaliyochelewa, miradi iliyokwama na vifaa vilivyolala bohari kwa kawaida zimo katika sehemu ya pili na ya tatu, na ndizo ambazo kamati za Bunge huwahoji wakuu wa kampuni kwazo.

Hatua ya nane: Linganisha gawio, faida na bei ya hisa

Kenya Power ina hisa za kawaida takriban bilioni 1.95. Faida ya 2023/24 ikigawanywa kwa hisa hizo inatoa shilingi 15.41 kwa kila hisa, ilhali gawio lililolipwa lilikuwa senti 70, la kwanza baada ya miaka saba. Mwenye hisa 1,000 alistahili shilingi 700, na akiwa mkazi wa Kenya alikatwa kodi ya asilimia 5, akabaki na shilingi 665. Mwaka uliofuata gawio lote lilifika shilingi 1 kwa hisa, yaani senti 20 za katikati ya mwaka na senti 80 za mwisho, kutoka katika faida ya karibu shilingi 12.5 kwa hisa.

Pengo hilo kati ya faida na gawio halipaswi kumkasirisha mwanahisa aliyesoma hatua ya tano na ya sita, maana bodi haiwezi kugawa faida iliyotokana na kuandika upya thamani ya mkopo, wala haitakiwi kulipa wenye hisa huku wauzaji wa umeme wakisubiri. Soko nalo lilionyesha kulielewa hilo. Hisa iliyokuwa chini ya shilingi 2 mwanzoni mwa 2024 ilifunga mwaka ikiwa juu ya shilingi 4, ongezeko kubwa mno, na bado bei hiyo ilikuwa chini ya theluthi moja ya faida ya mwaka mmoja kwa hisa. Hisa inapouzwa kwa bei ya chini kiasi hicho, wanunuzi wanasema kwamba hawatarajii faida hiyo ijirudie, au kwamba hata ikijirudia haitawafikia. Mwanahisa aamue mwenyewe kama wamekosea, lakini asidhani kwamba hawajaiona.

Kumbuka pia kwamba kampuni iliyoorodheshwa sokoni inapotarajia faida yake kushuka kwa angalau asilimia 25 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, inatakiwa kutoa tahadhari kwa umma kabla ya matokeo. Tahadhari hiyo huwa na aya chache tu. Isome pamoja na kiwango cha dola cha kipindi husika.

Hatua ya tisa: Jiandae kwa mapitio ya bei

Bei zilizoanza Aprili 2023 ziliwekwa kwa kipindi kinachoishia mwaka wa fedha wa 2025/26. Kila mapitio, kampuni hupeleka ombi, EPRA hulichapisha, wananchi huitwa kutoa maoni kwa maandishi au katika vikao, kisha uamuzi hutangazwa. Hapa ndipo msomaji wa hesabu anapoweza kuwa na sauti, kwa sharti kwamba asije na malalamiko ya jumla kwamba umeme ni ghali.

Katika ombi tafuta makadirio manne. La kwanza ni kiasi cha umeme kinachotarajiwa kuuzwa, kwa sababu kampuni ikikadiria kidogo, bei kwa uniti hupanda, na mauzo yakizidi makadirio kampuni hubaki na ziada. La pili ni kiwango cha upotevu kinachoombwa. Kilinganishe na kile ulichokokotoa katika hatua ya tatu, na uulize ni mita ngapi na laini zipi zitarekebishwa ili kukifikia. La tatu ni thamani ya mali ambayo kampuni inaomba iruhusiwe kupata faida juu yake. Hakikisha kwamba haijumuishi miradi ambayo Mkaguzi Mkuu ameitaja kuwa imekwama. La nne ni kiwango cha dola kilichotumika, maana bei ya msingi iliyojengwa juu ya dola ya shilingi 129 na ile iliyojengwa juu ya dola ya shilingi 150 ni bei mbili tofauti kabisa, hata kama marekebisho ya kila mwezi yatakuja baadaye.

Andika hoja moja au mbili tu, taja ukurasa wa ombi na ukurasa wa ripoti ya mwaka unaoutegemea, onyesha hesabu yako, na sema wazi unaomba nini kibadilishwe. Ikiwa una lalamiko kuhusu bili yako mwenyewe, lipeleke kwanza kwa kampuni kwa maandishi na uhifadhi nambari ya kumbukumbu, kisha kwa EPRA ukikosa jibu la kuridhisha. Uamuzi wa EPRA unaweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Rufaa la Nishati na Petroli ndani ya siku 30, kwa hiyo barua ya uamuzi ikifika, andika juu yake tarehe uliyoipokea siku hiyohiyo.